Tasbihi ya Mgiriki

Meli yetu iliingia Piraeus, bandari ya Ugiriki, mwaka 1994, miezi ya baridi, ikiwa na mgonjwa. Alikuwa Mpemba, mwenzangu wa kabini tangu Mombasa. Tumbo lilianza kumuuma baada ya kupita Suez, akanyamaza kama wanavyonyamaza mabaharia wanaoogopa kuteremshwa bandari ya watu bila mshahara. Tulipofunga kamba gatini hakuweza tena kunyoosha mguu wa kulia. Ilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa karibu kupasuka.

Walimpeleka hospitali, upande wa Nikaia. Nikaambiwa nimsindikize, maana Kiingereza chake kilitosha kuomba chai tu. Na kwa kuwa Kigiriki hatukijui sote wawili, akaja pia sarahangi, mkuu wa mabaharia wa dekini, mzee wa kisiwa cha Chios. Melini tulimwogopa. Alikuwa mtu wa kufoka, na ukikunja kamba vibaya aliweza kukufanya uikunje upya mpaka ulie.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, tukabaki kwenye benchi. Mimi na benchi hatukupatana. Niliinuka, nikaenda hadi dirishani, nikarudi, nikasoma tangazo la Kigiriki nisilojua hata herufi zake, nikaenda tena. Nilikuwa nikiwaza nitamwambia nini mama yake, ambaye alinikabidhi mwanawe kana kwamba mimi ndiye mwenye meli. Mkono ukapapasa mfuko kutafuta tasbihi. Tasbihi ilikuwa melini, chini ya mto.

Kiti cha pili alikaa mzee mwingine, nadhani mkewe ndiye aliyekuwa ndani, anarusha komboloi yake, ule uzi wa punje ambao Wagiriki huchezea mkononi: kishada kinazunguka kidoleni, punje zinagongana tak, tak, tak. Muuguzi akatoka akamfokea. Mzee akaitia mfukoni, na baada ya muda mkono ukaifuata huko huko mfukoni.

Sarahangi akacheka kwa pua. Naye akatoa ya kwake. Punje zilikuwa za kaharabu, rangi ya asali iliyokaa sana, na uzi wake ulikuwa umeachwa wazi kidogo ili punje zipate pa kutelezea. Yeye hakuzirusha. Alizisukuma kwa kidole gumba moja moja, taratibu, hata huwezi kuzisikia. Kaharabu haigongwi, akaniambia kwa Kiingereza chetu cha melini, inavunjika. Ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe. Akaisugua kwenye sweta lake la sufu, akaisogeza kwenye kipande cha karatasi ya sigara, karatasi ikaruka ikanata. Mtu aliyetufokea miezi yote ile alikuwa ananionyesha mchezo kama mtoto!

Ilikuwa ya babu yake mzaa mama. Mwaka 1922 mji wa Smyrna, Izmir ya Uturuki ya leo, ulipoungua, familia ile ilivuka bahari kuingia Chios na vitu vichache vilivyotosha mikononi. Nikaia yenyewe, akasema, ilijengwa na wakimbizi wa namna hiyo. Nikamwambia hii mbona ni tasbihi yetu, mmeichukua kwa Waturuki. Uso ukabadilika, nikamwona tena sarahangi wa dekini. Akasema ni ya watawa wao, wale wanaosali kwa kamba ya sufu yenye mafundo. Sikubishana. Ila mpaka leo naamini zaidi habari ya Waturuki, na Wagiriki wengi wanaikubali pia, wakiwa hawajaudhiwa.

"Shika," akasema. "Unanichosha na kutembea kwako."

Nikaketi. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, na ilikuwa na joto la mkono wake. Midomo ikaanza yenyewe: Subhanallah, Subhanallah. Tatizo likaja mwisho wa mzunguko. Punje zilikuwa 23. Mimi nataka 33 kwa kila dhikri. Basi nikazunguka yote, nikaongeza 10, nikahamia Alhamdulillah kuanzia punje ya 11, nikapotea, nikarudi. Sarahangi aliona midomo.

"Unahesabu nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Hii haihesabiwi, akasema. Haina kazi. Mkono unacheza, kichwa kinapumzika. Wewe umeigeuza kuwa zamu.

Nikajaribu kufanya kama yeye, bila kuhesabu. Nikashindwa. Lakini ndani ya kule kushindwa, nikisaka punje ya 11 na ya 21, niligundua nimekaa muda mrefu bila kumfikiria mama wa Pemba. Nami niseme jambo ambalo wazee wetu hawapendi lisemwe: kwetu Tanga, barazani, nimewaona wengi wakivuta tasbihi huku wanazungumzia bei ya nazi na ndoa za watu. Midomo haikuwa kwenye dhikri hata kidogo. Mkono tu ulikuwa umepata pa kutulia, kama ule wa sarahangi.

Daktari akatoka jioni, akazungumza na sarahangi kwa Kigiriki. Nilimtazama mzee usoni kabla hajatafsiri. Alifanya ishara ya msalaba mara tatu, akaninyoshea kiganja.

"Amepona. Nipe."

Nilikuwa nimesahau kwamba bado naishika. Aliifuta kwenye sweta, kaharabu na jasho langu, akaitia mfukoni, akaenda kumpigia simu wakala. Kesho yake dekini alinifokea kama kawaida.

Nilipopata ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa, nilipita kwenye kibanda cha magazeti na sigara nikanunua komboloi ya plastiki, ya buluu, ya bei ya chini kabisa. Nilidhani itamfaa kitandani. Mpemba aliipokea, akaitazama, akaanza kuhesabu. Akahesabu tena.

"Ndugu yangu, umepunjwa. Tasbihi gani hii ina punje 19?"

Nikaanza kumweleza habari za kaharabu, na Smyrna, na watawa wa sufu. Akacheka, akashika nyuzi za tumbo kwa maumivu, akaniomba kwa jina la Mungu nitoke nje.