Jumla Moja kwa Watu Watatu

Tangu Jumanne neno la Mzee, mtunza hazina wa chama chetu cha akiba, halijanitoka masikioni. Alisimama mezani pangu, daftari lake kwapani, akaipitia orodha ya akiba niliyoichapisha, akasema: "Mwanangu, mashine yako inahesabu siku. Mimi ninahesabu watu." Akaenda zake. Mnamjua, si mtu wa kejeli, na ndiyo maana liliniuma. Posa ya Yaya ilipokelewa Jumamosi, wageni wa kisiwa cha Idjwi wakavuka ziwa kurudi kwao, nami ningali na sentensi ile.

Wanachama watatu waliweka akiba siku moja: faranga 5.000, 3.000 na 2.000. Jumla ilipaswa kupanda mstari kwa mstari, 5.000, 8.000, kisha 10.000, lakini hifadhidata, yaani programu inayotunza hesabu hizo, iliandika 10.000 mara tatu bila kulalamika. SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ndivyo inavyoagiza: ukitaja mpangilio ndani ya OVER, sehemu inayoeleza jumla ikusanye mistari ipi, pasipo kutaja mipaka yake, hutumika neno RANGE, na kwa RANGE "mstari wa sasa" hubeba mistari yote inayolingana nao katika mpangilio. Tarehe ikiwa moja, watu watatu huwa kitu kimoja. Hifadhidata iitwayo PostgreSQL inazo hesabu hizi tangu 2009, nyingine iitwayo MySQL tangu 2018, na zote mbili hufuata kanuni hiyo, ambayo kwa fedha za watu naiona mbaya, kwa kuwa mstari wa mwisho wa siku hutoka sahihi na anayekagua mwisho wa ukurasa tu haoni lolote.

Alhamisi usiku, nikiandika ROWS, inayohesabu mstari mmoja mmoja, mahali pa RANGE, ndipo nilipotambua kwamba Mzee, ambaye hajawahi kugusa kibodi, alikuwa ameieleza tofauti ya maneno hayo mawili kwa usahihi kuliko mwongozo wowote niliousoma. Uchungu uliniisha, nikafurahi mno. Asubuhi nilimpelekea orodha mpya, iliyopangwa kwa tarehe na namba ya risiti. Aliifuata kwa kidole hadi chini, akauliza: "Na wale wawili wa Kadutu walioandikiwa risiti moja?"

Kwa ROWS kila mmoja atapata jumla yake, lakini ni yupi atangulie, hifadhidata haiahidi, na leo inaweza kumweka huyu mbele, kesho yule. Jumatatu nitaongeza namba ya mstari wa daftari lake.

Mvua haijakatika tangu jana, na ukuta wa nyuma ya jiko umeanza kuinama upande wa jirani.