Kopo la Chumvi Juu ya Kabati

Februari 2016, joto la kaskazi limeikamata Tanga, nililichukua kopo la chumvi jikoni kwa mama nikalipandisha juu ya kabati la nguo. Presha yake ilikuwa imefika 170 kwa 100. Daktari alimwanzishia kidonge cha kukojosha, akasema apunguze chumvi. Mimi nikasikia aache.

Nikawa mlinzi mkali. Ng'onda na papa marufuku, mchuzi ni nazi na ndimu tu. Mama akionja anasukuma sahani: "Mwanangu, huyu samaki katoka baharini kweli?" Siku nyingine alinikumbusha kwamba mtu mzima husifiwa kwa kula chumvi nyingi. Nikacheka, kopo likabaki juu.

Wiki ya tatu akaanza kulalamikia kichwa, kichefuchefu, na misuli ya miguu kukaza usiku. Nikampima presha: 105 kwa 60. Nilifurahi, nikampigia dada yangu simu kumtambia! Alfajiri ya siku ya pili mama aliinuka kwenye mswala akaanguka. Nilipomshika aliniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki.

Vipimo vya damu vilionyesha sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, 119. Ya kawaida ni 135 hadi 145. Daktari wa zamu, kijana mpole, aliniuliza, "Kaka, mama anakula nini nyumbani?" Sijawahi kuona aibu kama ile. Alinieleza kuwa kidonge kinatoa chumvi kwa mkojo, jasho linatoa nyingine, jikoni hairudi, na mama kwa joto lile anakunywa maji mtungi kwa mtungi. Chumvi ikipungua mno damu hupungua ujazo, figo hutoa renini, kemikali ya kuinua presha, mishipa hujibana, moyo nao huenda mbio. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, haifiki kijiko cha chai kilichojaa. "Lakini halikusema sifuri."

Baadaye nimesoma kwamba mabingwa wa moyo bado wanabishana kuhusu kiwango cha chini kinachofaa. Wabishane. Mimi nilimwona mama hanijui.

Sodiamu yake waliipandisha polepole, kwa siku kadhaa, maana ikipanda ghafla huumiza ubongo. Kidonge kikabadilishwa. Siku aliyorudi nyumbani, kabla hata ya kuvua baibui, aliniagiza nilishushe kopo. Akalitikisa sikioni, akasikiliza, akanitazama kama mtu aliyeibiwa.