Kigari cha gofu cha Mikindani

Juzi mpwa wangu kanitumia voisi, "shikamoo mjomba, boda inawaka nikivuta choki tu, nikiirudisha inazima, fundi anasema kabureta imekufa ninunue nyingine, we unasemaje?" Nikamwambia asinunue kwanza, afungue bakuli la chini ya kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, aangalie jeti, kale kenye katundu ka kupitisha petroli. Akajibu kusafisha ni kupoteza siku nzima bila abiria na bosi wake hesabu anaitaka jioni. Hapo nikashindwa kumjibu, ana haki yake. Ila swali lenyewe limenirudisha mbali sana, kwenye kile kigari cha gofu cha Mikindani, kule Mtwara, na ile jumapili ya mjomba wangu mimi.

Ilikuwa Desemba 2012, nimemaliza form four nasubiri matokeo, niko kwa mjomba maana kwetu kusini mjomba ndo mwenye mtoto, akisema njoo unaenda. Gesi ilikuwa habari ya mji, bomba la kuipeleka Dar linazungumzwa kila kijiwe, na hoteli aliyokuwa anafanya kazi ilijaa wageni. Walikuwa na kigari cha gofu, cha petroli, kizee, kilitoka Japani kikiwa kimeshachoka. Uwanja wa gofu hatuna, kazi yake ilikuwa kubeba mabegi kutoka getini hadi vyumba vya ufukweni, na dereva mjomba.

Kikaanza kusumbua. Unakanyaga pedeli kinawaka, kinatembea kidogo, ukikandamiza kukipandisha kale kamlima ka njiani kinakohoa kinakata moto. Mafundi wakaja kutoka mjini, wakachomoa plagi wakairudisha, wakasema kabureta imekufa iagizwe. Bosi akasema kama ni hivo bora kiuzwe tu, na kikiuzwa dereva wa nini tena. Mjomba akaomba apewe jumapili.

Sasa vile vigari vya zamani vina mambo yake, haviungurumi vikiwa vimesimama kama pikipiki. Ukiachia pedeli injini inazima kabisa, ukikanyaga selfu inazungusha inawaka upya, ndo vilivyotengenezwa hivo. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kukanyaga na kuchungulia kabureta kwa wakati mmoja, ndo maana alinichukua. Tukakiinua nyuma kwa mawe matairi yaning'inie, ya mbele tukayapiga kabari, kiti tukakitoa maana injini iko chini yake.

Nilidhani ataanza na spana. Hakushika hata moja. Alivuta choki nusu akaniambia kanyaga, nikakanyaga, injini ikapanda resi safi kabisa. Akarudisha choki, ikaanza kumisi. "Umesikia mpwa wangu? Choki inaziba hewa. Ukiinyima hewa inapona, basi ilikuwa na njaa ya petroli. Sasa tutafute petroli inaishia wapi."

Akaanza kwenye tenki akaja nayo taratibu. Filta safi. Pampu ya kile kigari haina umeme, kuna kipaipu kinatoka kwenye injini kinaleta mapigo ya hewa yanayochezesha mpira ndani ya pampu, kikipasuka hicho tu mafuta hayafiki. Akachomoa paipu ya petroli pale inapoingia kwenye kabureta akaielekeza kwenye chupa ya maji, nikazungusha selfu, petroli ikaruka kwa vipigo. Basi tatizo limebaki ndani ya kabureta yenyewe.

Skrubu za bakuli zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, akazidondoshea oili tukakaa tukala embe, hakutaka kulazimisha. Lilipofunguka chini kulikuwa na kitu kinanata, rangi ya chai ya rangi, petroli iliyolala muda mrefu ikakauka ikaacha gundi. Akafungua jeti kubwa, kitu cha shaba kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akakifuta kwenye shati akanipa. "Iangalie na jua." Nikafumba jicho moja nikaangalia. Giza. Nikaigeuza upande wa pili, giza. Akachana waya wa pasi iliyokufa, akatoa uzi mmoja tu wa kopa, akasema usije ukatumia pini wala chuma, chuma kinapanua tundu na likipanuka itakunywa mafuta maisha yake yote. Akailoweka jeti kwenye petroli, akauchezesha ule uzi polepole, akapuliza, akaloweka tena. Alikuwa anapumua kwa pua kwa nguvu kama watu wanaotunga uzi kwenye sindano. Kisha akanirudishia. Safari hii mwanga ukapita, katundu kadogo ka duara, kamenyooka, na nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Tukafunga, kikapanda resi bila choki. Mi nikaanza kukusanya spana, mjomba akasema bado. Akazima swichi kabisa, kwa sababu ikiwaka matairi yakiwa hewani gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo usizidi, nayo inapunguza moto, utalaumu waya wa akseleta kumbe gavana. Akaniambia nikanyage mpaka chini kabisa, ye akachungulia, halafu tukabadilishana ili nione mwenyewe. Pedeli iko sakafuni lakini kipepeo cha kabureta, kale kabati kanakofungua njia ya hewa, kimefunguka nusu tu! Waya wa akseleta ulikuwa na kutu ndani ya ganda lake, umevutika, nyuzi kadhaa zimekatika. Angebadilisha kabureta hata tatu kimlima kisingepandika. Akaenda kununua waya wa klachi wa pikipiki akaupaka grisi akaufunga na kibolti. Mmoja wa wale mafundi alikuwa ameshauri gavana izuiwe isifanye kazi kabisa kiende mbio, mjomba hakuigusa, vile vigari vimepangiwa kama kilomita 19 hadi 24 kwa saa na breki zake ni za mwendo huo.

Jumatatu bosi alipanda mwenyewe, kikapanda kimlima, akashuka akasema vizuri, akaingia ofisini. Basi. Hela ya waya mjomba aliitoa mfukoni na hakurudishiwa. Mama anasema niache hayo mambo maana mshahara aliendelea kuupata hadi kigari kilipouzwa mwaka uliofuata. Mi bado inaniuma, na sijui ni kwa sababu ya hela au kwa sababu pale hotelini hakuna hata mmoja aliyeuliza kilipona vipi.