Mgawo Ulipotukuta na Tairosini

Juzi mwanangu kaanguka na baiskeli. Nilipommwagia gotini peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda ya duka la dawa, povu likafumka, akasahau kulia. "Baba, yanachemka? Wanayatoa wapi?" Nikamwambia kiwandani. Sikumwambia kwamba niliwahi kuyatengeneza kwa hewa.

Mwaka ule wa mradi, enzi za mgawo wa umeme. Bika, ile glasi ya maabara, kitambaa cha kaboni upande wa hasi wa umeme, na upande wa chanya uzi wa platinamu ambao Mzee wa maabara aliulaza kwenye droo yenye kufuli. Pampu ya tangi la samaki ikipuliza hewa. Juu ya kaboni, oksijeni huchukua elektroni mbili badala ya nne, kwa hiyo haifiki kuwa maji. Inaishia kuwa peroksaidi. Weka asidi mpaka pH, kipimo cha uchachu, ifike 3, tia salfeti ya chuma kidogo, na peroksaidi inazaa haidroksili, kitu kikali kisichochagua cha kutafuna. Habari ya chuma na peroksaidi mwanakemia Fenton aliiandika mwaka 1894. Umeme wakaja kuuongeza wengine.

Cha kutafunwa kilikuwa tairosini, asidi amino, yaani kijenzi cha protini, tuliyoiweka iwakilishe uchafu wa maji ya machinjio. Unga mkaidi huo, kuyeyuka mpaka uubembeleze.

Maji yalianza meupe kabisa. Yakaingia uwekundu kidogo, halafu yakakolea, yakawa chai ya rangi. Hapo hapo umeme ukakatika. Pampu kimya, mapovu ya mwisho yakapanda, na bika ikabaki na ule uchafu wa kahawia.

"Mzee, nimwage?"

"Umwage nini, mwanangu? Hiyo imefika nusu ya njia. Viazi ukimenya si vinageuka hivyo hivyo? Tairosini hiyo hiyo."

Tukakaa. Akaniuliza habari za nyumbani, akalalamikia nauli. Umeme uliporudi, jua lilikuwa limeshazama. Tuliwasha, na kahawia ikaanza kupauka, kwanza njano, halafu hata njano ikapotea.

Mzee akainua bika kwenye taa. "Safi. Haya, kunywa."

Sikunywa. Pete ya kaboni ndani ya tairosini ilikuwa imepasuka, ndiyo, lakini asidi ya oksaliki, mabaki yake, ilikuwa bado imeng'ang'aniana na chuma, na sehemu ya naitrojeni imebaki kama amonia. Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananitania au ananipima.