Majiji yanavyomeza ardhi

Jana usingizi ulinipaa, nikaanza kuangalia picha za setilaiti za majiji makubwa, mwaka baada ya mwaka. Jamani! Shenzhen imeniacha mdomo wazi. China ilipoifanya eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, palikuwa na mji mdogo tu, mashamba na vijiji vya wavuvi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17. Kwenye picha unaona kijani kikiliwa taratibu, ufuo ukifukiwa, hadi huoni tena shamba liliishia wapi.

Na si wahamiaji peke yao wanaokuza majiji. Wapo watoto wanaozaliwa humohumo, na vijiji vya pembeni vinavyojikuta mjini bila kuhama.

Ila kinachoninyima raha kiko chini ya ardhi. Mexico City imekaa juu ya ziwa la kale. Maji yanavutwa visimani, udongo unabonyea, na kuna mitaa inayoshuka zaidi ya sentimita 30 kwa mwaka. Jakarta nayo inazama, visima vikichangia sana, hasa kaskazini, na Indonesia ilitangaza mwaka 2019 kuhamishia makao makuu ya nchi Kalimantan, kwenye kisiwa cha Borneo. Sawa, serikali itahama, lakini yale mamilioni yanayobaki je? Wapeni maji ya bomba waache visima, ndiyo ningeanzia hapo. Tokyo nayo ilikuwa inadidimia. Ilipobana uvutaji wa maji ya ardhini miaka ya 1960 na 1970, kasi ikapungua sana.