Wiki ya theluji Tarentaise kwa gari-nyumba: gesi, maji na minyororo

Anayekodi gari-nyumba kwenda kuteleza kwenye theluji huuliza kwanza kama watalala kwa baridi. Hilo halina tabu: hita ikiwa nzima, ndani mnakaa na nyuzi 20 huku nje ni 15 chini ya sifuri. Kinachoharibu likizo ni maji. Yapo yanayoganda kwenye mabomba, yapo yanayomwagika chini ya gari usiku bila mtu kujua, na yapo yanayotoka kwenye pumzi zenu na kugeuka barafu juu ya kioo cha mbele. Maelezo haya ni ya bonde la Tarentaise, katika Alpi za Ufaransa, kwa msomaji aliyeko Lyon, Munich au Birmingham anayepanga safari ya Januari au Februari.

Kwanza chagua mwinuko wa mahali pa kulala. Kati ya vituo vya kuteleza, Val Thorens iko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, Tignes 2,100, Les Menuires 1,850. Bourg-Saint-Maurice iko bondeni, mita 800 na ushei. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6.5, hivyo kati ya Bourg na Val Thorens kuna tofauti ya karibu nyuzi 10. (Usiku mtulivu usio na mawingu hewa nzito ya baridi hutuama bondeni na hesabu hiyo hupinduka, lakini si kila siku.) Kutoka Bourg kuna treni ya kebo inayopanda hadi kituo cha kuteleza cha Arc 1600 kwa dakika 7 tu. Kwa safari ya kwanza ningelala bondeni bila kusita. Epuka pia kufika Jumamosi ya Februari: likizo za shule za Ufaransa hupangwa kwa kanda 3 kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Machi, na barabara ya kuingilia bondeni, Albertville hadi Moûtiers, siku hiyo ni foleni.

Gesi ni propani, hakuna mjadala. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0. Propani huendelea mpaka 42 chini ya sifuri. Mtungi wa mchanganyiko ni mdanganyifu: propani hutangulia kutoka, butani hubaki chini ikiwa majimaji. Ukiutikisa unasikia gesi ikicheza ndani, ukiuinua una uzito, na bado jiko haliwaki. Hita ya gari la watu wanne hula kilo 3 hadi 5 kwa siku baridi ikiwa kali. Mtungi wa Ufaransa wa kilo 13, kilo zile zile za mtungi mkubwa wa jikoni Nairobi, utakwenda siku 3, ukibahatika 4. Kabati la gesi hubeba mitungi 2 tu, kwa hiyo kama hamna umeme wa kuchomeka, huenda mkalazimika kubadilisha mtungi kabla ya wiki kuisha. Hapo ndipo wanaotoka nje ya Ufaransa hukwama: mtungi wa kijivu wa Ujerumani, wa kilo 11, haubadilishwi madukani Ufaransa, na mtungi wa kampuni moja haupokelewi na nyingine. Ukitokea Ujerumani, ingia na yote 2 ikiwa imejaa, kisha lala kwenye kambi yenye umeme.

Mtungi huwa unaisha saa tisa au kumi usiku, kwa sababu hizo ndizo saa hita inapofanya kazi zaidi. Regulata inayohamia mtungi wa pili yenyewe wa kwanza ukiisha inalipa gharama yake usiku mmoja. Angalia kama ina kipasha joto chake kidogo cha volti 12. Unyevu ulio ndani ya gesi huganda kwenye tundu jembamba la regulata, moto ukafa na mitungi imejaa. Matundu ya sakafuni kwenye kabati la gesi usiyazibe hata kama yanaingiza baridi. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatokea hapo. Theluji iliyoshindiliwa chini ya gari huyaziba, kadhalika tundu la moshi la hita ubavuni; kama moshi wa hita unatokea juu ya paa, funga kipande cha kurefusha bomba. Koleo liwe karibu na mlango, na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe na betri mpya. Kupasha gari joto kwa jiko la kupikia ni njia ya kutoamka.

Sasa maji. Hita nyingi za kampuni ya Truma zina vali inayoitwa FrostControl. Joto linapoizunguka likishuka karibu nyuzi 3, inafunguka yenyewe na kumwaga maji ya boila chini, ili boila isipasuke. Haifungiki tena mpaka pale ilipo pafike karibu nyuzi 7. Wageni wa gari hukuta maji chini na kudhani bomba limepasuka. Mara nyingi vali imewekwa kwenye kona baridi, chini ya kitanda au karibu na mlango, na sebuleni kuna joto zuri kabisa. Dawa ni kuelekeza tundu moja la hewa ya moto kwenye kona hiyo na kutoibana kwa mabegi na blanketi. Na zima pampu mnapolala au mnapokwenda kuteleza. Vali ikifunguka huku pampu ina umeme, pampu itasukuma maji mpaka tangi la lita 100 libaki kavu.

Gari lipashwe moto siku nzima kabla ya kutia maji. Samani, sakafu na mabomba hukaa na baridi muda mrefu baada ya hewa kupata joto. Mchana mkiwa mlimani shusheni hita hadi nyuzi 15, msiizime. Kuanza upya kutoka sifuri hula gesi na huacha mabomba hatarini. Milango ya makabati yenye mabomba iachwe wazi usiku.

Bomba la nje la kujazia maji huenda limefungwa kwa baridi, au liko mbali na mpira wako wa maji. Beba dumu 2 za lita 10 na faneli. Ukitumia mpira, umwage maji yote kabla ya kuukunja, la sivyo kesho una nondo.

Tangi la maji machafu ya sinki na bafu hukaa chini ya gari, na lisipokuwa na kipasha joto litaganda usiku wa kwanza. Acha koki yake wazi na weka ndoo chini. Ndoo ikiganda, ipeleke bafuni, barafu itachomoka nzima, umwage sehemu iliyopangwa. Ndoo ya mpira hudumu, ya plastiki ngumu hupasuka. Kumwaga ovyo kwenye theluji ni uchafu wa kuchukiza, na majira ya kuchipua unaonekana wote.

Pumzi, kupika na nguo mbichi hutoa lita kadhaa za mvuke kwa siku. Kosa la kawaida ni kufunga kila tundu ili joto lisitoke. Asubuhi magodoro yamelowa kwa chini. Acha tundu la paa wazi kidogo. Pazia nene la kuzuia baridi kwenye kioo cha mbele lifungwe nje. Likiwa ndani, mvuke unapita nyuma yake na kuganda kwenye kioo. Nguo za skii zikauke bafuni, mlango umefungwa na tundu la hewa ya moto limefunguliwa. Viatu vya skii visilale kwenye gereji (stoo ya nyuma ya gari) yenye barafu, kwa kuwa plastiki yake hukakamaa na mguu hauingii asubuhi. Chomoa bitana za ndani zikauke peke yake.

Feni ya hita, pampu na taa zinaweza kula ampea-saa 40 hadi 60 kwa siku. Betri ya risasi ya 100 hutoa nusu tu bila kuumia, na kwenye baridi hutoa pungufu. Paneli za jua zilizofunikwa na theluji hazitoi kitu. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0, labda iwe na kipasha joto chake. Kambini soketi ikiwa ya ampea 6 una wati 1,380, na birika la wati 2,000 litakata umeme. Nyaya zininginie juu ya theluji, maana tingatinga la kusafisha njia halioni kilichofukiwa. Simika fimbo ndefu kwenye kona za gari kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wapenda maharage: kwenye mita 2,300 maji huchemka karibu nyuzi 92, na sufuria ya kawaida itakula gesi mchana kutwa. Beba sufuria ya presha, au yapike nyumbani.

Barabarani, sheria ya Ufaransa kwa maeneo ya milima yaliyotajwa hudai, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, matairi ya baridi, au minyororo ya kufunga kwenye matairi ikiwa ndani ya gari. Tangu Novemba 2024 tairi linalohesabika ni lenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi tena. Beba vyote viwili. Magari-nyumba mengi huvutwa na matairi ya mbele huku mzigo ukiwa nyuma, kwa hiyo mlimani pua huwa nyepesi na matairi huzunguka bure. Minyororo hufungwa mbele. Jizoezeni nyumbani pakavu, fungeni kabla ya mteremko kuwa mkali, endesheni mita chache, mkaze tena, na msipite kilomita 50 kwa saa. Pima pia uzito: mipaka ya tani 3.5 hupitwa upesi ukijumlisha skii, mitungi na maji.

Dizeli ya majira ya joto hutoa nta na kuziba filta, kama mafuta ya nazi yanavyoganda Nairobi mwezi Julai. Njooni na tangi nusu, mjaze Albertville au Moûtiers ambako wanauza ya baridi. Mkiegesha, wekeni gia ya kwanza na kabari kwenye matairi, breki ya mkono msiivute, ikiganda haitoki. Mbao chini ya matairi huyazuia kushikana na barafu. Siku ya kuondoka, fagieni paa lote: bamba la barafu likiteleza mbele mkifunga breki, litafunika kioo.

Nyumbani, mwageni maji yote kabla ya kuzima hita. Koki ziwe wazi, mikono yake katikati ya moto na baridi, kichwa cha bafu kilazwe chini, pampu iendeshwe sekunde chache ikiwa kavu. Zikae hivyo mpaka msimu ujao, na mzifunge kabla ya kujaza tena.