Mjomba na shimo la 17

Juzi binti yangu aliiona picha kwenye simu: mzee mwenye kofia ya vito na koti kubwa la kuazima, amechutama kando ya nyasi. "Baba, Babu anatafuta nini hapo chini?"

Hatafuti kitu. Mjomba wangu huyo anasoma nyasi.

Ni St Andrews, Uskoti, mwezi wa Mei. Wanawe walichanga wakamlipia usiku mmoja kwenye hoteli iliyo ubavuni mwa shimo la 17 la Old Course, uwanja wa gofu wa kale, nami nikawa mwenyeji kwa vile nilikuwa nikisoma Dundee, mji wa jirani. Basi, baridi, mapokezi, hayo niyaruke. Jumamosi jioni hakubanduka dirishani. Mpira wa kwanza wa shimo lile hupigwa juu ya mabanda yaliyojengwa kwa kuiga yale ya reli ya zamani, kwenye pembe ya hoteli yenyewe, na mzee aliyebeba mabegi ya gofu Mombasa tangu hajaota ndevu akawa anamhukumu kila mtu. "Huyo kaogopa. Huyo, kedi wake, mbeba mabegi wake, kamdanganya."

Jumapili hapachezwi. Ardhi ni ya umma, haki ya wenyeji kucheza hapo imeandikwa tangu 1552, na siku hiyo uwanja hugeuka bustani: watoto, wenye mbwa, wanaongoja zamu ya kupigwa picha juu ya daraja la mawe la Swilcan, walipokuwa wakipita wachungaji na mifugo yao.

Mjomba alipofika ukingoni mwa grini ya 17, zile nyasi fupi zenye kishimo cha mpira, alisimama kama mtu aliyejikuta na viatu mlangoni mwa msikiti. Akachutama, akalaza kiganja juu ya nyasi, akakisogeza taratibu kufuata zilikolala. Umande ukamlowesha mkono wa koti. Akafumba jicho moja. "Utakata kushoto," akasema, "mwisho kabisa, ukishachoka." Mpira wenyewe haukuwapo. Akainuka, akazungukia nje hadi upande wa pili, kwenye barabara na ukuta wa mawe, akachutama tena. "La. Utanyooka."

Bwana mmoja mwenye mbwa akatuambia leo ni ya watu wote, tupite tu. Nikamtafsiria. "Mwambie ahsante," akasema, na hakukanyaga.

Ilikuwa heshima ya fundi kwa kazi yake, au miaka ya kuambiwa mwisho wako hapa? Hiyo ya pili huniuma, ingawa huenda nimeitunga mwenyewe. Nilimwuliza njiani. Akanijibu kwamba waliopanga uwanja ule walikuwa na akili, kwa sababu mashimo yanayotumia grini moja, ukijumlisha namba zake unapata 18: 2 na 16, 3 na 15. Kisha akataka kujua kama chai ya asubuhi imo kwenye bei ya chumba, maana ule uji wao wa shayiri hauna hata pilipili manga.